Chui, Mkwe wa Genge la Mtelezo

Nianze kwa kuomba radhi, wanangu. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nitachanganya sauti za wanyama, nitamfanya Nyati aongee kama jogoo, na tukifika pale pa kutisha nitashikwa na kikohozi. Aliyekuja kusikia hadithi nzuri, mlango ule pale. Ila ukitoka uufunge, upepo unanipiga mgongoni. Mmebaki? Haya, mmejitakia.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo milima ilikuwa haijapoa sawasawa na ukiikalia unaungua makalio, palikuwa na nchi iliyokunjamana kama shuka la mgonjwa. Juu theluji, chini jasho. Hapa msitu wa mianzi, pale mawe meusi yaliyotemwa na volkano, na katikati ya yote hayo, korongo. Tena korongo gani! Ukidondosha jiwe, unakunywa chai, unafuta mdomo, ndipo unasikia huko chini: pu!

Ukingoni mwa korongo hilo palisimama genge, ukuta mrefu wa mwamba, lililoitwa Mtelezo, na juu kwenye genge alikaa Bwana Pimbi na familia yake.

Pimbi mwenyewe mnamjua. Mdogo kama mto wa kulalia, hana mkia, hana pembe. Alichojaliwa ni nyayo. Nyayo zake zilitoka jasho, na jasho hilo lilinata, hivyo akipanda ukuta wa mwamba ni kama wewe unavyopanda kitandani. Wengine wote walitegemea ujia mmoja tu, mwembamba kama mkanda wa suruali: upande huu ukuta, upande huu hewa.

Mwisho wa ujia ule palikuwa na ufa. Huo ndio mlango wa nyumba. Ndani ya ufa waliweka jiwe la duara. Hatari ikija, baba, mama na watoto wanasukuma pamoja: heee-ya! Gubu! Ufa umeziba.

Chui alikuwa ameshalijaribu jiwe lile kwa nguvu. Akapata uvimbe wa pua. Kwa hiyo mwaka ule akaja na kitu kibaya zaidi kuliko nguvu. Akaja na adabu.

Alifika barazani kwa Nyati, mkuu wa nchi, amevaa kanzu nyeupe iliyoficha madoa yake yote. Nyati alikuwa mzee mnyofu, asiyepokea hongo, ila alipenda taratibu kuliko majani.

"Mheshimiwa," Chui akasema, akiinama mpaka masharubu yakafagia vumbi, "nimeleta posa."

"Posa! Kwa nani?"

"Kwa Bwana Pimbi. Namtaka binti yake, Chechele."

Baraza zima likasema, "Hee!" Pimbi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akitafuna jani, alilimeza zima.

Fisi akajitokeza amebeba chungu cha asali na jembe jipya. "Asali hii hapa. Jembe hili hapa. Na mshenga ndiye mimi hapa, nimeoga."

"Umeoga wewe?" Ngiri akauliza, akiziba pua.

"Upande huu," Fisi akajibu.

Pimbi akaruka juu ya kisiki ili aonekane. "Mheshimiwa Nyati! Huyu anakula pimbi!"

"Nilikuwa nakula," Chui akasema kwa upole, mkono kifuani. "Ujana ule, mzee wangu. Nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Baada ya yule wa asubuhi."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Pimbi hakucheka. Pagumu hapo, wanangu: mbaya wako akishawachekesha watu, wewe unayelia unaonekana mkorofi.

Nyati akapiga kwato chini: ndi! "Pimbi, nisikilize. Posa iliyokuja na asali, jembe na mshenga haifukuzwi njiani. Keshokutwa mchana Bwana Chui atapanda hadi mlangoni kwako, sisi tukishuhudia kutoka ng'ambo ya korongo. Akifika mlangoni, binti atasema mwenyewe anataka au hataki. Lakini mkwe hafungiwi mlango. Lile jiwe liondolewe."

"Liondolewe?"

"Libiringishwe mbali."

Pimbi akapiga hesabu kichwani. Binti atasema hataki, sawa, lakini atamwambia nani? Chui akishafika kwenye ufa usio na jiwe, atakuwa ndani kabla Chechele hajamaliza kupiga chafya. Na humo ndani gizani mna vitoto vipya ambavyo macho yao hayajazoea hata jua. Hakuna shahidi anayeona ndani ya mwamba. Kuhama nako hakuwezekani: chini ya genge ni uwanja wa kokoto tupu, na angani wanazunguka tai.

Alitaka kuvuta muda tu, basi akauliza, "Na mila nyingine je, Mheshimiwa? Zitafuatwa?"

"Zote!" Chui akadakia, akageukia baraza na kunyanyua mikono kama anayehutubia. "Mila zote za ukwe! Nikivunja hata moja, mbele yenu nyote, nihame nchi hii, nisionekane kuanzia kwenye theluji mpaka tambarare!"

"Nimesikia," Nyati akasema. "Na nikishasikia, nimesikia."

Baraza likapiga makofi. Chui akamkumbatia Pimbi, mkwe na mkwe, na katikati ya makofi yale akamnong'oneza sikioni, "Wanenepeshe kidogo, baba mkwe. Hasa vile vidogo."

Pimbi alipanda genge siku hiyo, na jasho la nyayo likawa jingi mpaka akateleza mara mbili kwenye ukuta alikozaliwa.

Mkewe, Mama Chechele, alikuwa jikoni akisonga. Alisikiliza habari yote, mwiko mkononi.

"Umemkubali?"

"Ningekataaje? Nyati ameamua."

Pa! Mwiko ukatua kichwani. "Wewe baba gani? Watoto wangu waliwe kwa taratibu?"

"Mama Chechele, nipe nafasi nifikiri."

"Fikiri! Fikiri haraka! Chui anafikiri huko aliko!"

Pimbi akatoka, akajilaza juu ya mwamba mweusi uliochemka kwa jua, maana pimbi hafikiri vizuri akiwa wa baridi. Akaangalia ujia. Akaangalia korongo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, ukanyonywa na jua, na kila ulipoondoka kina kilionekana kimeongezeka. Hakupata kitu. Akageuka upande wa pili. Hakupata kitu huko pia.

Ndani, mkewe aliendelea kugomba na masufuria. "Mkwe! Mimi nina mkwe Chui! Hebu niambieni, nitamwangalia na macho gani mkwe wa namna hiyo?"

"Hutamwangalia," Pimbi akajibu kwa uchovu. "Tangu lini mama mkwe akatazamana na mkwe wake? Mkikutana njiani ni yeye anayetoka nji..."



Akakaa kitako. Akautazama tena ule ujia: upande huu ukuta, upande huu hewa.

"Mke wangu," akaita polepole. "Dada zako wako wapi siku hizi?"

"Wengine Jiwe la Popo, wengine kule Mianzini. Kwa nini?"

"Waite."

"Nani?"

"Wote. Wakubwa kwa wadogo."

"Hata Bi Kishindo? Yule tuliyegombania naye sufuria?"

"Huyo," Pimbi akasema, "awe wa kwanza."

Keshokutwa ilifika, kama zinavyofika siku zote usizozitaka. Ng'ambo ya korongo nchi nzima ilikuwa imejipanga mteremkoni, Nyati mbele kwenye kiti chake. Ngoma zililia: ti-ndi-ndi! Ti-ndi-ndi! Jiwe la duara lilikuwa limebiringishwa mbali, na ufa ulibaki wazi kama mdomo wa mtu anayeshangaa.

Pimbi alijibanza juu ya ufa, tumbo likigusa mwamba. Aliona kanzu nyeupe ikipinda kona ya mwisho. Chui alitembea kwa madaha, bakora mkononi. Nyuma yake Fisi, akikanyaga kwa woga na kuchungulia chini kila mara.

"Usichungulie!" Chui akamkemea kwa sauti ya chini.

"Bwana harusi, chini hakuna chini."

"Fikiria mifupa."

"Nafikiria. Na yangu imo."

Walifika pale ujia unapobana kuliko pote. Pua ya Chui ilikuwa imeanza kucheza; harufu ya vitoto ilimfikia. Pimbi aliona mate yakidondoka, tip, tip, kwenye kanzu. Alijiuliza kama hesabu yake ni nzuri au ni ya kichaa. Kama Chui ataamua potelea mbali leo, hakuna jiwe, hakuna kitu.

Ndipo Mama Chechele akatoka mlangoni, mtungi kichwani, kama mtu aendaye zake mtoni.

"Kwiiii!" akapiga ukelele, akajifunika khanga usoni. "Mkwe wangu! Nimekutana na mkwe wangu njiani!"

Ngoma zikakatika.

Chui akasimama, mguu mmoja hewani. Nyama ilikuwa mbele yake, imejifunika khanga. Makucha yakachomoza taratibu kwenye ukingo wa kanzu. Juu ya ufa, moyo wa Pimbi ukaenda ndu! ndu! ndu!

"Bwana Chui!" sauti ya Nyati ikavuka korongo. "Huyo ni mama mkwe wako! Toka njiani apite!"

Makucha yakarudi ndani. "Mheshimiwa, nitoke niende wapi? Huku ukuta, huku hakuna kitu!"

"Basi geuza uso! Fumba macho!"

Chui akageukia ukuta, akaugandamiza uso mwambani, mikono juu kama mtoto aliyeadhibiwa. Nchi nzima ikampigia makofi kwa adabu yake.

"Apite sasa," akaguna.

"Nipite?" Mama Chechele akalia kutoka ndani ya khanga. "Ujia wenyewe huu! Nguo yangu iguse nguo ya mkwe? Jamani, mnataka niaibike uzee huu?"

"Asimguse!" Nyati akakataza. "Hilo ni baya zaidi. Chui, rudi nyuma!"

"Rudi nyuma," Chui akamwambia Fisi.

"Narudi, narudi," Fisi akasema, akaanza kutembea kinyumenyume, na kwa kweli hilo alilifanya kwa moyo wote.

Hapo ndipo pimbi wakaanza kuteremka ukutani. Pururu, pururu, kutoka huku, kutoka kule, wamevaa khanga za sikukuu, wakatua kwenye ujia nyuma ya Fisi. Mbele kabisa Bi Kishindo, na sauti yake.

"Lilililili! Yuko wapi mkwe wetu? Tumekuja kumwona mkwe wetu!"

Chui akafumbua nusu ya jicho, akalifumba haraka. "Hao ni nani? Hao si mama mkwe! Mama mkwe ni mmoja!"

"Dada wa mama ni nani?" Nyati akauliza kutoka ng'ambo, kama mwalimu.

Nchi nzima ikajibu, "Ni mamaaa!"

"Wote ni mama wakwe zako, kijana. Simama ulipo, usimtazame yeyote."

Fisi alipima mambo. Yeye hakuwa mkwe wa mtu, hakuna mila iliyomkataza kugusa khanga. Akaanza kupenya katikati ya wale mama. "Samahani mama. Samahani shangazi. Naomba njia."

"Fisi! Mshenga hamwachi bwana harusi!"

"Bwana harusi, nimekumbuka nimeacha chungu motoni!" Na akaishia kwenye kona.

Chui akabaki. Mbele mama mkwe, nyuma mama wakwe, uso mwambani. Na wale mama hawakuwa na haraka yoyote. Mama Chechele akatua mtungi wake. Bi Kishindo akakunja miguu. Jua lilikuwa limefika utosini na mwamba mweusi ulianza kuchemka, na hakuna kitu pimbi anakipenda kama hicho.

"Dada, maharage yako siku hizi unayaunga na nini?"

"Nazi napata wapi huku juu? Na karanga."

"Karanga! Na ile sufuria yangu bado inavuja chini?"

"Sufuria yako? Usinianze, Bi Kishindo, mkwe anasikia."

Nyayo za Chui ziliungua. Alinyanyua huu, akashusha. Akanyanyua ule, akashusha. Kanzu ililowa. Akanong'ona kuelekea juu, midomo haichezi, "Pimbi. Najua uko hapo. Wakichoka hawa watanyanyuka. Nami nitaingia. Nitaanza na wewe."

Pimbi akajibanza zaidi mwambani. Alijua ni kweli. Hesabu yake ilikuwa imemfikisha hapa tu: kumsimamisha. Alitumaini Chui atavunja mila au atarudi alikotoka. Chui hakufanya hili wala lile. Alivumilia. Wanangu, mwovu mvumilivu ni balaa.

Na kumbe balaa lenyewe lilikuwa bado njiani.

Kwenye ufa, chini ya kidevu cha Pimbi, kitu kidogo kikajikokota nje. Kitoto. Kile cha mwisho, ambacho hata jina kilikuwa hakijapewa. Kikapepesa macho juani, kikapiga chafya, chi!, kikaupita mtungi wa mama yake na kuufuata mkia wa Chui uliokuwa ukichezacheza kama mdoli.

Mama Chechele amejifunika khanga, haoni. Dada zake wako upande wa pili wa Chui, hawaoni. Ng'ambo hawaoni, mtungi na pindo la kanzu vimekinga.

Chui alisikia harufu.

Pimbi aliona jicho moja likifunguka, la njano, likizunguka kuelekea chini. Aliona mkono mmoja ukibanduka mwambani, taratibu, makucha nje. Mguso mmoja tu. Kitoto kingetoweka, na dunia ingeendelea kushangilia adabu ya Chui. Kuruka asingewahi. Kumwita mtoto kungemwonyesha Chui kwamba ameonekana, naye angemaliza haraka.

Basi Pimbi akasimama wima juu ya ufa, akavuta pumzi yote iliyokuwa milimani, akapiga kelele, si kwa Chui, bali kwa nchi nzima:

"WAZEEEE! MKWE WANGU AMEFUMBUA MACHO! ANAMKODOLEA MAMA MKWE WAKE!"

"ATI NINI?" Nyati akaruka kutoka kitini.

"ANAMTAZAMA! KUANZIA KICHWANI MPAKA MIGUUNI!"

"Aibuuu!" nchi ikalipuka. "Ahame! Ahame!"

"Uongo!" Chui akapayuka. Akasahau kitoto, akasahau yuko wapi, akakumbuka kiapo chake peke yake. "Sikumwona! Tazameni! Sioni kitu!"

Na ili waone ng'ambo yote kwamba haoni kitu, akageuka kuwaelekea, akaziba macho kwa mikono.

Miwili yote.

Kanzu ikapepea. Kisigino kikatafuta njia, kikapata hewa.

"Sikumwonaaaaaaa..."

Pimbi alikwishashuka, amekikumbatia kitoto kifuani, ananata mwambani kwa miguu yote. Korongo likarudisha sauti: naaa, naaa, naaa. Kisha kra! ya tawi. Kisha pururururu ya kokoto. Kisha kimya kirefu, mpaka mtu angeweza kunywa chai na kufuta mdomo. Kisha, chini kabisa: chubwi!

Baada ya muda paka mmoja mkubwa, aliyelowa, bila kanzu, alionekana akitoka mtoni upande wa tambarare, akichechemea, mikono bado machoni.

Nyati alifuta machozi. "Mmeona heshima hiyo? Kijana amejitupa korongoni asimtazame mkwe wake! Tangu nizaliwe sijaona adabu kama ile." Akapiga kwato: ndi! "Lakini taratibu ni taratibu. Bwana harusi hakufika mlangoni, kwa hiyo hakuna mkwe. Pimbi, rudisha jiwe lako."

"Na asali?" Bi Kishindo akauliza.

"Kuleni."

Heee-ya! Gubu! Ufa ukaziba, na ndani Mama Chechele akambusu mumewe pale pale alipokuwa amempiga mwiko.

Basi, wanangu, funzo ni hili: anayeigeuza adabu kuwa mtego wa wenzake, atalazimika na yeye kuukanyaga.

Hadithi imekwisha, nendeni mkalale. Mimi siendi popote. Naona hamjaniuliza kwa nini jioni nzima nawasimulia nikiwa nimesimama, uso ukutani: mama mkwe wangu alikuja kututembelea tangu mchana, yuko hapo nyuma yenu anasikiliza, na mpumbavu aliyemwambia, "Karibu mama, kaa mlangoni upate upepo," ni mimi.